Klinshiti 202 za Petr Čech: rekodi ya kipa au rekodi ya mabeki?

#1 Mlezi wa Nyavu
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja kwenye hoja.

Petr Čech ndiye kipa mwenye klinshiti (mechi bila kufungwa bao) nyingi kuliko wote EPL (Ligi Kuu ya England), 202 katika mechi 443. Anayemfuata ni David James mwenye 169, na huyo alicheza mechi 572. Halafu kuna ule msimu wa 2004/05, Čech alitoka na klinshiti 24 na Chelsea wakafungwa mabao 15 tu ligi nzima. Kwa namba hizi watu wanamtangaza kipa bora wa muda wote England.

Mimi nasema namba hizi ni za mabeki. Umesimama nyuma ya John Terry na Ricardo Carvalho, mbele yao yupo Claude Makélélé, na benchi lina kocha Mourinho ambaye akipata bao moja anafunga duka. Kipa yeyote wa kiwango cha EPL pale angetoka na 18 au 20. Ushahidi ni huu: Chelsea alipata klinshiti 162 katika mechi 333, karibu nusu. Arsenal akapata 40 katika mechi 110, theluthi na kidogo. Mtu yuleyule, mikono ileile, ukuta tofauti.

Anayepinga aje na hoja. Matusi tuyaache nje.

#2 Kona Fupi
Mikono ileile, umri je? Arsenal alikwenda 2015 akiwa na miaka 33. Unamlinganisha kijana wa miaka 22 na mtu anayeelekea kustaafu, halafu tofauti yote unawapa mabeki.

Na umeruka jambo. Msimu wake wa kwanza pale Arsenal, 2015/16, alibeba Glovu ya Dhahabu, tuzo ya kipa mwenye klinshiti nyingi msimu huo, kwa klinshiti 16. Ukuta ule wa Arsenal tuliuona wote, na hakuna aliyeuita chuma.

#3 Mzee wa Redio
Vijana, historia ya mpira wa Uingereza haikuanza 1992 EPL ilipozaliwa. Mleta uzi anasema 24 utadhani hakuna aliyewahi kupita hapo. Ray Clemence wa Liverpool, msimu wa 1978/79: mechi 42, klinshiti 28. Liverpool walifungwa mabao 16 msimu mzima, na Anfield waliruhusu manne tu. Manne, mwaka mzima, nyumbani!

Tulikuwa tunafuatilia kwa redio ya mawimbi mafupi, sauti inakuja na kupotea, lakini jina la Clemence lilikuwa halipotei. Rekodi ya daraja la juu England ni hiyo. Hiyo ya Čech ni ya EPL tu.

#4 Hesabu Tatu
Mzee wangu shikamoo. Namba zako ni sahihi, ila tuzipige kwa asilimia. Clemence 28 kwa mechi 42 ni kama asilimia 67. Čech msimu ule hakucheza zote 38, alicheza 35, nyingine alikaa Carlo Cudicini. 24 kwa 35 ni kama asilimia 69. Kwa hiyo hata kwa kipimo chako Čech yupo juu kidogo.

Halafu kuna sheria ya 1992 ya kumkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu. Kabla ya hapo beki alikuwa anamrudishia kipa mpira kwa mguu, kipa anaudaka kwa mikono, anautupa tena kwa beki, anarudishiwa tena. Liverpool wakiongoza 1-0 walikuwa wanaweza kuua dakika kadhaa hivyo. Čech hakuwahi kuipata nafuu hiyo EPL.

#5 Mzee wa Redio
Marahaba. Nafuu hiyo ilikuwa ya makipa wote. Ligi ilikuwa na timu 22, kila timu na kipa wake, wote wakirudishiwa mpira. Mbona 28 alipata mmoja?

Na viwanja vya enzi zile ulikuwa ukifika mwezi wa pili golini hakuna jani hata moja, ni tope. Mpira ukidunda mbele yako hujui unaelekea wapi. Washambuliaji walikuwa wanamwingia kipa mwili mzima na mwamuzi anatazama pembeni. Msiwapunje wazee wetu.

#6 Shetani Mwekundu
Mnazunguka tu. Mwenye rekodi ya maana ni Edwin van der Sar. 2008/09, dakika 1,311 za ligi bila kufungwa. Manchester United mechi 14 mfululizo hakuna aliyetikisa nyavu, mpaka Newcastle walipokuja kuharibu mwezi wa tatu. Na kabla yake rekodi ya EPL ilikuwa ya huyohuyo Čech wenu, dakika 1,025, ile iliyokatishwa na Leon McKenzie wa Norwich Machi 2005. Mdachi akaipita mbali.

#7 Hesabu Tatu
Mkuu hapo #6 umechanganya mambo mawili. Mechi 14 ni rekodi ya timu, na haikukatwa na Newcastle. Ilikatwa Februari 21, 2009, Old Trafford, dhidi ya Blackburn. Roque Santa Cruz alifunga, na golini alikuwepo Tomasz Kuszczak. Van der Sar siku hiyo hakucheza, ndiyo maana hesabu yake binafsi iliendelea mpaka Machi 4 kule Newcastle. Hapo alitema shuti la Jonás Gutiérrez, Peter Løvenkrands akamalizia. United walishinda mechi zote mbili 2-1.

Sasa mleta uzi aniambie. Van der Sar akiwepo, nyavu hazitikisiki. Amepumzishwa mara moja tu, bao limeingia.

#8 Mlezi wa Nyavu
Mechi moja si ushahidi mkuu. Siku hiyo hata angekaa Van der Sar pengine lile bao lingeingia. Jiulize pia mabeki Vidić na Ferdinand walikuwa kwenye kiwango gani msimu ule. Unakumbuka Van der Sar akiokoa mara nane kwenye mechi moja kipindi kile? Mimi nakumbuka akidaka krosi mbili na kupiga goli kiki.

#9 Mdaka Mishale
Naomba niingie hapa, maana #8 imenigusa. Nimedaka mchangani miaka mingi na sasa nafundisha vijana kudaka. Kazi kubwa ya kipa haionekani kwenye televisheni kwa sababu kamera inafuata mpira.

Chukulia kona. Kabla haijapigwa, kipa ameshampanga mtu nguzo ya karibu, ameshamwonyesha beki yupi amkabe yule mrefu, na anamsukuma mwenzake kwa kiwiko atoke kwenye njia yake. Mpira ukipigwa ana nafasi ndogo sana ya kuamua: natoka au nabaki kwenye mstari. Akitoka akaudaka, kwenye takwimu hakuna shuti, hakuna uokoaji, hakuna kitu. Akisita hatua moja, mshambuliaji anapiga kichwa, kipa anaupangua kwa vidole, uwanja mzima unasimama kumpigia makofi. Aliyekosea ndiye anayeshangiliwa!

Kwa hiyo ukiniambia Čech wa 2004 hakupigiwa mashuti mengi, nakuuliza kwa nini hayakupigwa. Yule mtu ana urefu wa mita 1.96, na krosi alikuwa anaziondoa juu kabisa, mikono imenyooka, kabla kichwa cha mtu hakijafika. Terry alikuwa anaweza kupanda mbele mita kadhaa kwa sababu alijua nyuma yake kuna mtu.

Na wote mmesahau mechi ya Reading. Oktoba 14, 2006, mechi haijamaliza hata dakika moja, goti la Stephen Hunt likamgonga Čech kichwani. Fuvu likapasuka na kubonyea ndani, akafanyiwa upasuaji Oxford. Cudicini aliyeingia naye akagongwa akatolewa amezimia, ikabidi Terry avae glovu amalizie dakika za mwisho. Chelsea walishinda 1-0. Čech akarudi Januari 20, 2007, Anfield, na ile kofia ya kukinga kichwa ambayo hakuivua tena mpaka anastaafu.

Mimi niligongwa goti karibu na sikio kwenye ligi ya wilaya. Nilipona, lakini kwa muda mrefu krosi ikija miguu ilikuwa inagoma kutoka. Kichwa kinasema nenda, mwili unakataa. Sikugongwa hata robo ya alivyogongwa Čech. Zaidi ya nusu ya klinshiti zake 202 zimekuja baada ya siku ile. Hizo mnampa beki gani?

#10 Kona Fupi
#9 umeua. Huu ndio mchango wa kusoma.

#11 Jirani Mkorofi
Mlezi wa Nyavu kimya kimetawala 😂 Leta mahesabu yako ya theluthi tuyaone.

#12 Mlezi wa Nyavu
Sijakimbia, nipo. #9 nimeusoma mara mbili na nauheshimu. Lakini kupanga ukuta, kutoka kwenye krosi, kuongea, hivyo vyote alikuwa navyo Arsenal pia. Uzoefu ulikuwa umeongezeka, sauti ilikuwa ileile. Kilichopungua ni watu wa mbele yake. Hoja yangu ipo palepale.

#13 Mskati
Hamjambo nyote. Naandika kutoka Maskati. Mnazungumza rekodi za makipa EPL na hakuna aliyemtaja John Burridge? Huyo ndiye mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kucheza EPL. Alidaka Manchester City dhidi ya QPR Mei 1995 akiwa na miaka 43 na siku 162. Amepita klabu zaidi ya 20 huyo mtu.

Sisi huku tunamjua kwa jambo jengine. Alikuja Oman kufundisha makipa wa timu ya taifa, na yeye ndiye aliyemwona Ali Al-Habsi alipokuwa kijana, akifanya kazi ya zimamoto uwanja wa ndege wa Seeb. Akamshika mkono, Ali akenda Norway, kisha Bolton mwaka 2006, akawa Muomani wa kwanza EPL. Pale Bolton alikaa sana nyuma ya Jussi Jääskeläinen. Alipokwenda Wigan ndipo watu walipomjua, akachaguliwa mchezaji bora wa klabu msimu wa 2010/11.

Wigan ile kila mwaka ilikuwa inapigania isishuke. Ali alikuwa anaokoa mpaka unajiuliza mabeki wamekwenda wapi. Klinshiti atazipata wapi mtu kama huyo? Kwa hili mimi nipo na mleta uzi: ukihesabu klinshiti peke yake, kipa wa timu ndogo humuoni kabisa.

#14 Shetani Mwekundu
Mskati ahsante, hiyo ya zimamoto sikuwa naijua. Al-Habsi pia ana medali ya Kombe la FA ya 2013 na Wigan, wakimfunga City 1-0.

#15 Mskati
Fainali yenyewe alidaka Joel Robles, Ali hakucheza. Na siku chache baadaye Wigan wakashuka daraja. Furaha na msiba ndani ya wiki moja, huku nyumbani watu hawakujua wacheke au walie.

#16 Jirani Mkorofi
Mimi rekodi ninayoipenda ni ya Alisson wa Liverpool, kipa wa kwanza kufunga bao EPL. Dhidi ya West Brom, Mei 2021, dakika ya 95, kichwa. Niliiona kibanda umiza, watu walipanda juu ya mabenchi.

#17 Hesabu Tatu
Kipa wa kwanza kufunga EPL ni Peter Schmeichel, akiwa Aston Villa dhidi ya Everton, Oktoba 2001, na walipoteza 3-2. Wakaja Brad Friedel 2004, Paul Robinson 2007, Tim Howard 2012, Asmir Begović 2013. Alisson ni wa sita. Upekee wake ni kwamba yeye ndiye wa kwanza kufunga kwa kichwa, na kipa wa kwanza wa Liverpool kufunga bao katika historia ya klabu.

Ya Begović dhidi ya Southampton ilikuja sekunde 13 tu baada ya mechi kuanza. Alibutua kutoka langoni kwake, mpira ukadunda, upepo ukauchukua, ukampita Artur Boruc juu. Mita 91.9. Hakushangilia, alimhurumia mwenzake. Makipa wanajuana.

#18 Jirani Mkorofi
Ya Alisson bado ndiyo nzito. Alikuwa amempoteza baba yake Februari ya mwaka huohuo. Alipofunga alinyoosha vidole juu, na mahojiano aliyafanya huku analia.

#19 Mwalimu wa Zamu
Turudi kwenye klinshiti. Naona mnaongea utadhani ligi kuu Uingereza ni ya wanaume peke yao. Mary Earps, Manchester United, 2022/23: klinshiti 14 kwenye ligi ya mechi 22, Glovu ya Dhahabu. Ndiye kipa wa kwanza wa ligi kuu ya wanawake kufikisha klinshiti 50. Msimu uliofuata tuzo ikaenda kwa Khiara Keating wa Manchester City, binti wa miaka 19.

Nina timu ya wasichana shuleni. Zamani golini anawekwa yule asiyeweza kukimbia. Baada ya Earps kuokoa penati ya Jenni Hermoso kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2023, nilipata wasichana wawili waliokuja wenyewe kuomba kudaka. England ilipoteza fainali ile, lakini walichokiona ni kipa.

#20 Mdaka Mishale
Mwalimu, wafundishe mapema kuanguka kwa ubavu. Wengi wanaangukia kiwiko na magoti, wanaumia, wanaacha. Anza wakiwa wamepiga magoti, mpira wa kuviringisha, ndipo wasimame.

#21 Mwalimu wa Zamu
Nimeichukua hiyo. Ahsante.

#22 Ugenini Daima
Mimi naona wote mmekosa sababu kubwa, ambayo ni wakati. 2004/05 ligi nzima haikufikisha mabao 1,000. 2023/24 yamefungwa 1,246. Mechi ni zilezile 380. Msimu huohuo wa 2023/24 waamuzi waliambiwa wahesabu muda wote unaopotea, tukaanza kuona dakika 8, 10 za nyongeza. Kipa anayelinda 1-0 leo analinda muda mrefu kuliko Čech.

Tazama Glovu ya Dhahabu ya 2024/25. David Raya wa Arsenal na Matz Sels wa Nottingham Forest waligawana kwa klinshiti 13 kila mmoja. Kumi na tatu! Ndiyo maana nasema ile 24 haiguswi, awe kipa nani, ukuta wowote.

#23 Kona Fupi
Ongezea na pasi za nyuma. Kipa wa leo anaanzisha mashambulizi kwa mguu, akikosea pasi moja ni bao. Ila faida yake ipo pia. Ederson amekuwa kipa mwenye pasi nyingi za mabao EPL, amempita Paul Robinson aliyekuwa na 5. Rekodi zinahama, kutoka mikononi kwenda miguuni.

#24 Shetani Mwekundu
Alisson na Ederson walitoka na klinshiti 20 kila mmoja 2021/22 mkuu #22. Huo ni wakati huuhuu wa mabao mengi. Kwa hiyo 24 siyo mbali kihivyo, ni mechi nne.

#25 Ugenini Daima
2021/22 ilikuwa kabla ya dakika za nyongeza ndefu. Soma tena nilichoandika.

#26 Mzee wa Redio
Nami nauliza: mnataka rekodi isiyo na beki ndani yake? Ipo. Brad Friedel, mechi 310 mfululizo za EPL, Agosti 2004 mpaka Oktoba 2012, Blackburn, Aston Villa, Tottenham, mpaka Hugo Lloris alipowekwa badala yake. Miaka minane hakuumia, hakufungiwa, hakuachwa benchi. Hapo Terry anaingiaje?

Na Peter Shilton ana mechi 1,005 za ligi ya England. Ile ya 1,000 aliicheza Leyton Orient, daraja la chini kabisa, Desemba 1996, ana miaka 47. Nyingi katika hizo ni za daraja la juu, na hakuna mchezaji mwingine aliyecheza mechi nyingi hivyo daraja hilo.

#27 Mlezi wa Nyavu
Mzee hizo nazikubali kwa mikono miwili. Kudumu ni kwa mtu mwenyewe. Penati pia: David James aliokoa 13 EPL. Ni yeye na mpigaji tu. Ndiyo maana nasema James, ambaye watu walimtungia majina ya kumkejeli, anastahili heshima zaidi ya anayopewa. Klinshiti 169 akiwa Liverpool, Aston Villa, West Ham, Manchester City, Portsmouth. Angalia hizo kuta, halafu uangalie ya Chelsea.

#28 Hesabu Tatu
169 kwa 572 ni chini ya asilimia 30. David Seaman ana 141 kwa mechi 344, asilimia 41, na bora yake ilikuwa kabla hata EPL haijazaliwa. Arsenal ya 1990/91 ilifungwa mabao 18 kwa mechi 38, zote akidaka yeye.

#29 Jirani Mkorofi
Seaman alikuwa na Tony Adams mbele yake. Mlezi wa Nyavu usiseme, nimekusemea 😂

#30 Shetani Mwekundu
Na De Gea? Desemba 2017, Emirates kwa Arsenal, aliokoa mara 14 kwenye mechi moja. United wakashinda 3-1. Hapo mabeki walikuwa wapi?

#31 Mlezi wa Nyavu
Ndicho ninachosema mkuu. De Gea siku ile alidaka mechi ya maisha yake na klinshiti hakupata, kwa sababu alifungwa moja. Kwenye orodha ya klinshiti siku ile ni sifuri.

#32 Mdaka Mishale
Basi mleta uzi nikupe moja ya mwisho. Čech alikwama kwenye klinshiti 199 miezi kadhaa. Machi 11, 2018, Arsenal na Watford, wanaongoza 2-0, penati. Mpigaji ni Troy Deeney, yuleyule aliyewasema Arsenal miezi michache nyuma kwamba hawana uanaume. Čech tangu afike Arsenal hakuwa ameokoa penati hata moja. Akaenda kushoto kwake, akaipangua. Mechi ikaisha 3-0, klinshiti ya 200, hakuna kipa mwingine wa EPL aliyefika hapo. Terry alikuwa ameshaondoka kwenye ligi hiyo, Carvalho zamani, Makélélé amestaafu.

#33 Mlezi wa Nyavu
Hiyo nampa Čech yote, bila kubakisha. Zimebaki 201 za kujadili.

#34 Kona Fupi
😂😂 Basi tuanze na ile ya kwanza, Agosti 2004, Chelsea 1-0 Manchester United, Stamford Bridge. Mwenye kumbukumbu ya mechi aje, Čech aliokoa nini siku ile?